Siku Karakana Ilipopakwa Chokaa

Lukumani bin Kaimu alikuwa akiingia karakanani kwa mkono wa kushoto. Ndivyo alivyoingia kila asubuhi kwa miaka mitatu: fimbo mkono wa kulia, na wa kushoto ukitangulia kwenye mwimo wa mlango kuitafuta kamba. Kamba ile ya katani ilianzia hapo mlangoni, ikazunguka ukuta wote kwa kimo cha kiuno, na kila mahali pa kazi palikuwa na mafundo yake. Fundo moja lilikuwa la Mzee Shaibu wa Ruponda, msokota kamba. Mafundo mawili yalikuwa ya Zaina na wenzake wa mikeka. Matatu yalikuwa ya Lukumani mwenyewe, fundi wa kuwamba vitanda. Manne yalikuambia kwamba umefika mlango wa nyuma, penye mtungi wa maji na njia ya chooni. Kipofu mgeni alifundishwa kamba ile siku ya kwanza, na siku ya pili hakuwa na haja ya kuuliza njia.

Jumamosi ile mkono ulipapasa mwimo, ukapapasa ukuta, ukarudi na unga. Akaunusa. Chokaa.

Akasimama. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza kabla ya kupiga kelele, kwa hiyo alijiuliza kama amekosea nyumba. Lakini mabati ya paa yalikuwa yakilia vilevile kwa joto la asubuhi, na kizingiti kilikuwa na ufa uleule chini ya unyayo wake. Nyumba ilikuwa ileile.

Ndani kitu kikaanguka, kikafuatiwa na vingine vingi vinavyobingirika, kisha sauti ya mwanamke.

"Nani kanijengea mlima hapa?"

Alikuwa Zaina. Alitoka Marambo, alikuwa Myao, na mdomo wake haukuwahi kufunga shughuli hata siku moja.

"Usisogee," Lukumani alimwambia. "Umeangusha nini?"

"Matenga. Mtu kayapanga moja juu ya jingine mpaka mbinguni. Wewe Mmwera, ndiwe uliyeiba kamba ukatege sungura?"

"Ningeiba kamba, ningeanza kufunga mdomo wako."

"Basi tumeibiwa sote." Kicheko chake kilikuwa kifupi. "Lukumani, sema kweli. Milala yangu ya mikeka iko wapi? Nyeupe huwa kulia kwangu, iliyotiwa rangi kushoto. Hapa kulia nashika benchi."

Kutoka pembeni Mzee Shaibu akaitikia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali yaliyomfika. "Mimi nimekaa. Mahali nilipokaa sipajui, ila nimekaa."

Wengine walikuwa wakiingia nyuma ya Lukumani, na kila aliyeingia alinyoosha mkono ukutani, akaurudisha. Walikuwa watu kumi na mmoja kwa jumla. Siku nyingine saa hiyo kila mmoja angekuwa amekwisha kukaa mahali pake na kazi mapajani. Leo walisimama mlangoni wakisukumana kama mbuzi kwenye zizi geni. Na leo ndiyo siku waliyoingojea tangu mfungo.

Karakana ilikuwa ya chama cha kusaidia vipofu, kilichoanzishwa na Tadeo. Alikuwa karani katika mradi mkubwa wa karanga, na mama yake mzazi alikufa kipofu. Mradi ulipoanza kwenda kombo, watu wakawa wanafungasha, Tadeo alizunguka na barua mkononi miezi minane akiomba apewe banda moja la bati lililokuwa la kuwekea vyuma vya matrekta. Akapewa. Akaanza na vipofu wanne. Hakuwagawia sadaka, aliwatafutia katani, milala na mtu wa kuwafundisha, kisha akabeba kazi zao kichwani kwenda kuziuza. Kufikia mwaka huo wa 1954 hakukuwa na duka Nachingwea lililokosa kamba ya karakana, na ufuta mwingi ulisafiri ndani ya matenga yao. Zaina, aliyekuwa akiongozwa nyumba kwa nyumba Ijumaa kuomba, sasa ndiye aliyempelekea mama yake chumvi na kanga. Haya hakuna aliyeyasahau, hata siku hiyo.

Lukumani naye kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa ndege. Ndui ilimpofusha akiwa na umri wa miaka saba, huko Ruangwa. Alipokua wakampandisha kwenye dungu, kile kichanja kirefu katikati ya shamba la mtama, wakampa debe na kigongo. Akisikia ndege, apige. Alipiga debe miaka kumi na moja. Sasa kwenye dungu hilohilo alikuwa Mwanaima, mtoto wa dada yake, msichana wa miaka kumi na mitano, ambaye macho yake yaliharibiwa na surua.

Kwa Wamwera mtoto wa dada ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayeulizwa kwanza binti akitaka kuolewa, ndiye anayesimama akipatwa na jambo. Lukumani alikuwa mjomba wa jina tu. Nani angemwuliza neno mtu wa debe? Lakini tangu ajue kuwamba vitanda alikuwa na shauri moja moyoni, nalo ni kumtoa Mwanaima kwenye dungu. Dada yake, Zena, alikataa binti aje Nachingwea, akaishi ugenini kati ya watu asiowajua. Njia iliyobaki ilikuwa karakana ifunguliwe Ruangwa, na fundi wake awe mjomba mwenyewe.

Tadeo aliandika ombi. Majibu yalikuja kutoka jimboni kwamba chama kitapewa ngao ya heshima, na mgeni atakayeileta atalitazama jambo la Ruangwa. Angependa kwanza kujionea kwa macho yake kama kweli kipofu anaweza kusimamia karakana bila mtu wa kumshika mkono.

Siku yake ikawekwa Jumamosi ile, nao wakafanya mazoezi. Lukumani angeanzia mlangoni peke yake. Angekwenda kwa Shaibu, akague kamba kwa vidole na kusema uzi upi umelegea. Angekwenda kwa akina Zaina, akague mikeka. Mwisho angefika kwenye kitanda alichokiacha robo bila kuwambwa, angetafuta mahali alipoishia, na kukimaliza mgeni akitazama. Walifanya hivyo wiki mbili, mpaka Zaina akasema angeweza kumsikia Lukumani akija hata usingizini.

"Hamjambo, hamjambo, jamani!" Ilikuwa sauti ya Tadeo, na furaha yake ilitangulia viatu vyake. "Mbona mmesimama? Ingieni! Hamkusikia harufu? Tumefanya kazi jana tangu mlipotoka mpaka jua likazama, mimi na mke wangu Magreti na vijana wa kamati. Nyumba inang'aa. Inang'aa, Lukumani!"

"Bwana Tadeo," Lukumani alisema, "kamba iko wapi?"

"Kamba ipi?"

"Ya ukutani."

"Aa, ile! Ilikuwa nyeusi kwa mikono, ndugu yangu. Tumeitoa, tumetundika bendera za karatasi. Mgeni akiingia atadhani ni arusi."

"Mmeiweka wapi?"

Tadeo akapunguza sauti. "Imechomwa pamoja na takataka."

Nje mtu alikuwa akijaribu ngoma, akipiga kidogo na kuacha, akipiga kidogo na kuacha.

"Na milala yangu?" Zaina aliuliza.

"Iko salama, Bi Zaina. Tumeipanga vizuri kwenye rafu, ndefu na ndefu, fupi na fupi."

"Nyeupe na ya rangi pamoja?"

"Kwa urefu," Tadeo alisema, na furaha ilikuwa imeanza kumtoka. "Inapendeza zaidi kwa urefu."

"Nitaijuaje rangi, Bwana Karani? Niilambe?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Lukumani hakucheka. Alikuwa akihesabu wakati. Wageni wangefika saa nne. Kamba mpya ya urefu ule Shaibu hakuwa nayo tayari. Na hata angekuwa nayo, misumari ilikuwa imeng'olewa na matundu yake kupakwa chokaa. Labda wangeweza kuyarudisha mabenchi mahali pake.

"Tuyarudishe mabenchi," alisema. "Yalivyokuwa jana."

"Yalikuwaje?" Tadeo aliuliza.

Hapo ndipo Lukumani alipojua kwamba hakuna mwenye macho aliyejua. Tadeo alikuja karakanani kila siku, na meza yake ilikuwa pale karibu na dirisha. Lakini mtu aonaye hakumbuki benchi liko hatua ngapi kutoka mlangoni, kwa sababu hana haja. Na wao wenyewe walikumbuka kwa kuanzia kwenye kamba.

Walijaribu. Tadeo alivua koti, akavuta mabenchi huku na huku, na watu kumi na mmoja wakamwelekeza kwa mpigo. "Karibu na ukuta zaidi." "Ukuta upi?" "Huo wa Shaibu." "Shaibu amekaa kwenye wa kaskazini." "Mimi sikukaa, niliketishwa na bahati." Kadiri walivyosogeza ndivyo walivyozidi kupotea, na jua lilikuwa linapanda.

Lukumani aliwaacha, akaenda kukitafuta kitanda chake. Alikikuta baada ya kujigonga goti mara mbili. Kiliwekwa katikati kabisa ya nyumba, mahali ambapo kila mtu angekiona na kila kipofu angejikwaa. Akapitisha kiganja juu ya kamba kutoka kichwani, taratibu, tatu juu, tatu chini, mkazo uleule, kazi yake. Akafika mahali alipokuwa ameacha kijiti cha alama. Kijiti hakikuwapo. Kamba iliendelea. Iliendelea mpaka mwisho wa kitanda, mbili juu, tatu chini, mahali pengine nne, imelegea kama ngozi ya mzee.

Akasema polepole, "Nani amekimaliza kitanda hiki?"

Kimya kilichofuata kilikuwa na mtu ndani yake. Mtu huyo akakohoa. Alikuwa Eusebio, seremala, aliyechonga matendegu na fremu za vitanda vyote vya karakana.

"Ni mimi, Mzee Lukumani. Bwana Tadeo alisema kinaning'inia kamba kama matumbo, wageni watadhani kimevunjika. Nikakifunga. Mimi si mwambaji, unajua. Nilitazama upande wako nikaiga."

"Uliiga kwa macho."

"Ningeiga kwa nini kingine?"

Lukumani alipiga magoti na kuanza kutafuta ncha ya kamba ili aifumue. Alikuwa bado akiitafuta ngoma ilipolia nje, magari mawili yakazima moto, na sauti za Kiingereza zikaja zinakaribia.

Tadeo alimshika bega. "Nenda mlangoni, ndugu yangu. Jikaze. Tufanye kama tulivyopanga."

"Tuliyopanga yamechomwa."

"Lukumani, tafadhali."

Akaenda. Angefanya nini? Kama angekataa, wangesema kipofu ameogopa.

Wageni walikaa upande wa dirishani: mgeni wa jimbo na mkewe, wakubwa wa wilaya, liwali, wafanyabiashara wa mjini na wake zao waliojipaka marashi. Marashi na chokaa vilijaa pua za Lukumani, hata akashindwa kuinusa katani ya Shaibu iliko. Tadeo akaeleza kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili, kwamba huyu ni fundi Lukumani bin Kaimu, na kwamba sasa atakagua kazi za wenzake bila msaada wa mtu.

Lukumani alitoka mlangoni. Alikwenda hatua nne, zile zilizokuwa zikimfikisha kwa Shaibu. Alinyoosha mkono, akashika hewa. Shaibu akakohoa kumsaidia, lakini alikuwa nyuma yake. Lukumani akageuka. Fimbo ikagusa kitu kigumu, akakizunguka, bega likaingia kwenye mnara wa matenga ambao mtu mwema alikuwa ameusimamisha upya, na mnara ukashuka wote.

Wanawake wakapiga ukelele mdogo. Mtu akasema, "Masikini!" Mwingine akasema, "Mshikeni, mshikeni!"

"Msinishike," Lukumani alisema.

Lakini kiti kilisogea, na mkono laini uliovaa glavu ukamshika kiwiko. Alikuwa mke wa mgeni. Akamwambia maneno ya upole ambayo hakuyaelewa, akamwongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye kitanda, kama unavyomwongoza mtoto kutoka kisimani. Watu wakapiga makofi. Lukumani alijua vizuri kabisa ni kitu gani kilichokuwa kimetokea. Barua ilisema bila mtu wa kumshika mkono.

Akainama juu ya kitanda. Sasa aliipata ile ncha, akaifungua, akaanza kufumua.

"Anafanya nini?" sauti ya kwanza.

"Anakiharibu," sauti ya pili.

"Jamani, hakijui ni kitanda chake?"

Lukumani alisema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, "Sehemu hii sikuiwamba mimi. Bwana Tadeo, waambie. Waambie na habari ya kamba ya ukutani."

Tadeo aliwaambia. Lazima tumpe haki yake hapo: aliwaambia yote. Lukumani hakujua Kiingereza, lakini alisikia jinsi Tadeo alivyokuwa akijipiga kifuani kwa kiganja kila baada ya maneno machache. Mgeni wa jimbo akajibu taratibu, na wenzake wakaguna kwa kuridhika. Makofi tena.

"Amesemaje?" Lukumani aliuliza bila kuacha kufumua.

Tadeo akamsogelea. "Amesema... amesema mimi ni mtu mwema mno. Kwamba najitwika makosa ya wengine ili wasiaibike. Amesema ndivyo alivyo kiongozi wa kweli."

"Mwambie tena."

"Nimemwambia mara mbili, Lukumani."

"Mwambie mara ya tatu!"

Lakini walikuwa wamekwisha kusimama. Pilau lilikuwa tayari nje chini ya turubai. Viti vilikwaruza sakafu, marashi yakapita, na mtu mmoja akampigapiga Lukumani mgongoni. Alipokuwa amemaliza kufumua mafundo ya Eusebio na kukifikia kipande chake mwenyewe, vidole vikiwa vimekumbuka kazi, tatu juu, tatu chini, alikuwa akiwamba mbele ya Zaina na Shaibu, ambao hata hivyo wasingeweza kumwona.

"Vuta, vuta," Zaina alisema. "Nasikia inavyokaza. Hiyo ndiyo yenyewe. Wangekaa kidogo tu."

"Nyamaza, Zaina."

"Sinyamazi. Ningekuwa na mawe ningeyatupa kwenye pilau lao."

Kupitia ukuta wa bati walisikia hotuba. Chama kilipewa ngao kwa kuwatunza watu wasiojiweza. Neno hilo lilitafsiriwa na mtu mwingine, si Tadeo. Kisha likaja la Ruangwa. Karakana ingefunguliwa baada ya mavuno, mwezi wa Agosti. Na kwa kuwa imeonekana dhahiri kwamba kazi hii yahitaji mwenye macho na moyo, msimamizi wake atakuwa fundi seremala Eusebio, ambaye amezoea kuishi na watu hawa. Ngoma ikalia.

Eusebio aliingia kabla hata haijanyamaza. Alisimama karibu na kitanda akinuka maranda na jasho.

"Mimi sikuomba, Mzee Lukumani. Mungu shahidi."

"Najua."

"Nitakataa. Nitakwenda sasa hivi nikawaambie."

"Usikatae." Lukumani alivuta kamba, akaikaza kwa kigongo. "Ukikataa wataleta mwingine. Wewe angalau unajua kwamba hujui."

"Sasa mimi nitamfundisha nani kuwamba? Nitawafundisha nini?"

"Hilo ungemwuliza aliyekuchagua."

Eusebio akatoka.

Wa mwisho alikuja Tadeo. Wageni walikuwa wameondoka, na vumbi la magari yao lilikuwa likiingia mlangoni. Aliketi chini sakafuni, na kitu cha chuma kikagonga saruji. Ilikuwa ngao.

"Nitaandika barua," alisema.

"Andika."

"Nitaandika kwa kila mtu. Nitaeleza upya."

"Nimesema andika, Bwana Tadeo." Lukumani alikuwa amefika mwisho wa kitanda, akafunga fundo la kumalizia, akalikata kwa kisu. "Niambie jambo moja. Ulipoitoa kamba ile ukutani, hukuona kwamba ina mafundo?"

"Niliona."

"Ukadhani ni ya nini?"

Tadeo akaisukuma ngao kando. "Nilidhani imekatika mara nyingi, mkaiunga. Niliona haya. Nilisema, watu wangu wanashika kamba iliyokatikakatika kiasi hiki, na mimi katibu wao nimenyamaza."

Miaka mitatu alikuwa akiipita kila siku, na hakuwahi kuishika. Lukumani alilitafuta moyoni neno la kumpiga nalo mtu huyu, akayapata mengi, na kila alilolishika lilikutana na ile miezi minane ya barua, na matenga juu ya kichwa cha karani aliyesoma. Akayaacha yote. Lakini hakumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha.

Jumatatu alipanda lori lililokuwa likienda Ruangwa kuchukua ufuta. Alikuwa na furushi la kamba ya katani na fremu ndogo ya kitanda cha mtoto, ambayo Eusebio alimletea alfajiri bila kusema ni ya nini. Njia nzima dereva alimsimulia habari za sherehe, alivyozisikia sokoni: jinsi mke wa mzungu alivyomshika kipofu mkono, na kipofu akalia kwa shukrani.

"Alilia?" Lukumani aliuliza.

"Machozi mpaka kidevuni! Hukuwapo?"

"Nilikuwa nimekaa nyuma," Lukumani alisema.

Zena alimkuta barabarani, akambebea furushi. Alikuwa na haraka ya habari, kwa hiyo aliuliza kabla hawajafika nyumbani.

"Haya, kaka. Wamekubali?"

"Wamekubali. Agosti."

"Alhamdulillahi! Nawe unarudi lini?"

"Sirudi. Msimamizi ni seremala mmoja, anaitwa Eusebio. Ana macho."

Zena akasimama. "Mgeni? Mwanamume mgeni, mwenye macho, akae na binti yangu kutwa? Hapana. Mimi nilikubali kwa sababu ni wewe. Hapana, kaka. Atabaki shambani, hapo namwona."

Kutoka mbali, shambani, debe lilikuwa likilia. Mpigo haukuwa na mpangilio wowote. Ulikuwa mpigo wa mtu aliyekwisha kuchoka lakini haruhusiwi kushuka. Lukumani aliujua. Mikono yake ilijua hata uzito wa kile kigongo.

"Kamwite," alisema.

"Ndege wamejaa, kaka. Mtama umekomaa."

"Zena. Mimi ni nani kwa Mwanaima?"

Dada yake akashangaa. "Mjomba wake."

"Nani mwenye neno juu yake?"

Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo nyumbani kwao, na Lukumani mwenyewe hakuwahi kudhani kwamba angeliuliza. "Ni wewe," Zena alisema mwisho, kwa sauti ya mtu anayesogezwa kwenye kiti chake.

"Basi neno langu ni hili. Leo anashuka. Nimechukua ruhusa ya siku kumi, ataanza hapa barazani, na kila mwezi nitakuja, mpaka Agosti. Agosti ataingia karakana hiyo akiwa anajua kazi, na huyo Eusebio ndiye atakayemwuliza yeye. Na wewe kama unaogopa mgeni, chukua ungo wako ukakae mlangoni mwa karakana, upepetee hapohapo. Hakuna atakayekufukuza."

"Na ndege?"

"Ndege wana mwenye shamba."

Zena alilitupa furushi barazani kwa hasira, akaondoka kuelekea shambani akisema maneno ya Kimwera ambayo hayafai kuandikwa. Debe likanyamaza. Baada ya muda likaanza tena, sasa mikononi mwa Zena, kwa nguvu, kwa kasi, kana kwamba ndege wote wa Ruangwa walikuwa na uso wa Lukumani.

Mwanaima akaja anaburuta miguu, akipapasa ukuta wa baraza mpaka akamfikia. Alinuka jua na majani ya mtama. Viganja vyake, Lukumani alipovishika, vilikuwa na sugu palepale zilipokuwa zake.

"Mjomba, mama amekasirika?"

"Amekasirika."

"Na wewe?"

"Mimi nimekasirika tangu Jumamosi," alisema, akamsogezea ile fremu ndogo ya kitanda. "Kaa hapa. Huu ni upande wa kichwani. Shika."